Barakoa za aina tatu na chanjo ya mRNA: tathmini ya mtumiaji, pamoja na lawama zisizo zake

Tangu mwaka 2020 nimevaa barakoa za aina tatu, yaani ya kitambaa, ya upasuaji na ya N95, na nimechanjwa dozi tatu za chanjo ya mRNA (chanjo inayozipa seli ujumbe wa kutengeneza protini moja ya kirusi ili kinga ya mwili ijifunze kuitambua) dhidi ya UVIKO-19. Nimesubiri miaka kadhaa kabla ya kuandika tathmini hii kwa sababu wakati wa janga ilikuwa vigumu kuzizungumzia bidhaa hizi kama bidhaa: aliyetaja kasoro yoyote alihesabiwa kuwa mpinzani wa afya ya umma, na aliyezisifu alihesabiwa kuwa amenunuliwa. Mimi nataka kuzipima kama ninavyopima kitu kingine chochote ninachokiweka usoni au ninachokubali kiingie mwilini mwangu, kwa kuuliza kama kimefanya kazi kilichotengenezewa. Swali hilo lina manufaa zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu maneno mengi ya upotoshaji niliyokutana nayo yalianza kwa kuipa bidhaa kazi isiyo yake, kisha yakailaumu kwa kushindwa kuifanya. Lawama hizo zilipozidi, kasoro za kweli zilikosa mtu wa kuzisikiliza, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Barakoa ya kitambaa sitaieleza kwa kirefu. Nilikuwa nazo nne, za pamba yenye tabaka mbili, ambazo nilizifua kwa maji ya moto na sabuni kila jioni. Barakoa hizi hazikuwa na kiwango kimoja cha ubora kilichozisimamia, hivyo mbili zinazofanana kwa macho zingeweza kutofautiana sana katika kuchuja. Huzuia sehemu ya matone makubwa yanayotoka kinywani tunapozungumza au kukohoa, lakini chembe ndogo zinazoelea hewani huzizuia kidogo tu. Ilikuwa bidhaa ya dharura, iliyofaa wakati barakoa za hospitali zilipokuwa haba na watumishi wa afya walizihitaji kuliko mimi, na sitaivaa tena kwa ajili ya ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa.

Barakoa ya upasuaji ni bidhaa ya daraja nyingine. Ina tabaka tatu, na ile ya katikati hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana za polipropilini zilizotiwa umeme tuli, unaozinasa chembe hata zile ambazo zingeweza kupenya kati ya nyuzi. Kiwango cha Ulaya cha EN 14683 kinaitaka barakoa ya daraja la pili ichuje angalau asilimia 98 ya bakteria katika kipimo cha maabara. Namba hiyo ni ya kweli, ila inahusu kitambaa chenyewe, haihusu uso wangu. Barakoa hii ina nafasi wazi mashavuni na pembeni mwa pua, na hewa hupita penye wepesi. Mimi huvaa miwani, na miwani iliniambia ukweli mapema kuliko maandishi ya kwenye boksi: kila nilipotoa pumzi na kioo kikaingia ukungu, nilijua kuwa pumzi yangu inatoka juu bila kuchujwa, na kwamba pumzi ya jirani inaweza kuingia kwa njia hiyohiyo. Kubana vizuri ule waya wa puani na kufunga fundo dogo kwenye kamba za masikioni karibu na kitambaa kulipunguza tatizo hilo, ingawa hakukuliondoa.

N95 ndiyo niliyoipenda kwa utendaji na kuichukia kwa starehe. Jina lake linatokana na kipimo cha Marekani: kichujio chake lazima kizuie angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio zenye ukubwa wa takriban maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). FFP2 ya Ulaya, inayokaribiana nayo, inatakiwa kufikia asilimia 94. Tofauti kubwa kati ya barakoa hizi na ile ya upasuaji iko kwenye kingo, ambazo hushika uso pande zote, na kamba zake hupita nyuma ya kichwa zikiivuta barakoa kwa nguvu zinazolingana. Baada ya saa tatu pua yangu huwa na alama nyekundu, ngozi hutoa jasho, na kupumua huhitaji jitihada kidogo zaidi kuliko kawaida. Watumishi wa afya waliozivaa zamu nzima walilalamika kuumwa kichwa na kuchubuka ngozi, na malalamiko hayo ni ya haki. Mwanamume mwenye ndevu nyingi hatapata faida yake kamili, kwa sababu kingo haziwezi kushika ngozi. Ile yenye vali ya kutolea pumzi haifai kabisa kwa kumkinga mwenzako, kwa kuwa pumzi ya mvaaji hutoka bila kupita kwenye kichujio.

Hapa ndipo panapostahili kujibiwa ule uvumi ulioenea kuliko mwingine wowote kuhusu barakoa, unaosema kwamba kirusi ni kidogo kuliko matundu yake, na kwamba kuivaa ni sawa na kuzuia mbu kwa uzio wa seng'enge. Nusu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli: kirusi cha UVIKO-19 kina kipenyo cha takriban maikroni 0.1, na nafasi kati ya nyuzi ni kubwa kuliko hapo. Kosa liko katika kudhani kwamba kichujio hufanya kazi kama chekecheo la unga. Chembe kubwa hushindwa kukata kona pamoja na hewa, hivyo huzigonga nyuzi. Chembe ndogo sana nazo huyumba huku na huko zikisukumwa na molekuli za hewa, kiasi kwamba haziwezi kupita tabaka zima bila kugusa uzi, na umeme tuli huzivuta zote. Ukubwa wa takriban maikroni 0.3 ulichaguliwa kwa majaribio kwa sababu huko ndiko chembe zilipo ngumu zaidi kunaswa na nyuzi zisizo na umeme: ni ndogo mno kwa njia ya kwanza na kubwa mno kwa njia ya pili. Kwa hiyo chembe iliyo ndogo kuliko hapo haifanyi kazi ya kichujio kuwa ngumu zaidi kwa sababu tu ya udogo wake. Isitoshe, kirusi hakisafiri kikiwa uchi, kwani hutoka mwilini kikiwa ndani ya chembe za mate na kamasi zilizo kubwa kuliko chenyewe.

Uvumi wa pili ulidai kwamba barakoa humnyima mvaaji oksijeni na kumrudishia hewa ya ukaa hadi kumdhuru. Niliuchukua kwa uzito, kwa sababu mama yangu ana tatizo la mapafu na nilikuwa naye nyumbani muda wote wa janga. Molekuli ya oksijeni ina upana wa takriban nanomita 0.3 (nanomita ni sehemu ya elfu moja ya maikroni), na kirusi kina takriban nanomita 100, yaani kirusi ni kipana zaidi ya mara mia tatu. Hewa ya ukaa nayo haitofautiani sana na oksijeni kwa ukubwa. Anayesema kwamba kirusi kinapita bila kizuizi hawezi kusema wakati huohuo kwamba oksijeni inakwama, na mara nyingi nilizisikia kauli hizi mbili zikitoka katika kinywa kimoja. Nilimwekea mama kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu kabla ya kuvaa barakoa ya upasuaji na baada ya saa nzima ya kuivaa, na namba ilibaki palepale. Kipimo cha mtu mmoja hakithibitishi jambo kwa watu wote, lakini kilituondolea hofu, na kinalingana na uzoefu wa madaktari wa upasuaji wanaosimama nazo kwa saa nyingi wakifanya kazi inayodai umakini mkubwa. Kuhisi joto na dhiki ya pumzi ni jambo la kweli. Kupungukiwa oksijeni ni jambo lingine. Mgonjwa anayepata shida ya kupumua hata bila barakoa anapaswa kupata ushauri wa daktari wake, na mtoto aliye chini ya miaka miwili hapaswi kuvishwa kabisa.

Je, barakoa hupunguza maambukizi katika maisha halisi, nje ya maabara? Hapa ushahidi ni mgumu kuusoma, na wapotoshaji wa pande zote mbili wameutumia vibaya. Nchini Bangladesh, kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, watafiti waligawa vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000 katika makundi, vingine vikipewa barakoa pamoja na uhamasishaji na vingine vikiachwa kama vilivyo. Uvaaji sahihi ulipanda kutoka takriban asilimia 13 hadi asilimia 42 tu, na bado katika vijiji vilivyopewa barakoa za upasuaji idadi ya wenye dalili waliothibitishwa kwa kipimo cha damu ilipungua kwa takriban asilimia 11, na kwa watu wa miaka 60 na zaidi kwa takriban asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa wazi. Huko Denmark, jaribio lililofanyika mwaka 2020 lilipata maambukizi ya asilimia 1.8 kwa waliohimizwa kuvaa na asilimia 2.1 kwa wengine, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema lolote la hakika. Jaribio hilo lilipima iwapo barakoa inamkinga mvaaji, halikupima iwapo anawakinga wenzake, na chini ya nusu ya washiriki walisema walivaa kikamilifu kama walivyoelekezwa. Waliolinukuu wakisema kwamba limethibitisha barakoa hazina kazi waliliongezea neno lisilokuwamo.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyotolewa Januari 2023 yalipata mkasa huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi. Yalikusanya majaribio ya kuhimiza uvaaji wa barakoa, mengi yakihusu mafua ya kabla ya janga, na kuona kwamba majibu hayakuwa ya uhakika. Watu wakatangaza kwamba sayansi imekiri barakoa hazifai. Mwezi Machi mwaka huo mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, alitoa taarifa akieleza kwamba tafsiri hiyo si sahihi na inapotosha. Mimi nasoma hivi: kumhimiza mtu avae ni kitu kimoja, na kile ambacho barakoa hufanya ikiwa imekaa vizuri usoni pake ni kitu kingine. Kondomu iliyobaki mfukoni haina takwimu nzuri vilevile.

Kasoro ya kweli ya bidhaa hii, ambayo sijaiona ikikiriwa vya kutosha, ilikuwa katika maelekezo yake. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza barakoa kwa umma, na ushauri huo ulibadilika tarehe 5 Juni 2020. Kubadilika kwa ushauri kunapokuja ushahidi mpya ni jambo jema. Lakini katika ile miezi ya kwanza baadhi ya viongozi katika nchi mbalimbali hawakusema kwamba barakoa ni chache na tuwaachie wahudumu wa afya. Walisema hazisaidii. Waliposema baadaye kwamba zinasaidia, aliyetaka kutokuwaamini alikuwa tayari na kauli yao mkononi. Hadi leo video za kauli hizo zinasambazwa, na kila anayetaka kujibu uvumi hulazimika kuanza kwa kukubali kwamba watu walielezwa vibaya.

Anayetaka kununua N95 leo aangalie mambo machache. Ya kweli huwa na herufi za NIOSH, taasisi ya Marekani inayoidhinisha barakoa hizi, zilizoandikwa kwa usahihi juu ya barakoa yenyewe pamoja na namba ya idhini inayoanza na TC-84A, na kamba zake kwa kawaida hupita kichwani, hazining'inii masikioni. Inayodai kuidhinishwa na NIOSH kwa ajili ya watoto ni ya kutiliwa shaka, kwa kuwa taasisi hiyo haiidhinishi za watoto. FFP2 nayo huwa na alama ya CE ikifuatwa na tarakimu nne, pamoja na EN 149. Usiifue wala kuipulizia spiriti, kwa sababu vyote viwili huondoa umeme tuli, na utabaki na ganda linaloonekana zima ilhali limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Sasa niingie kwenye chanjo, ambayo ilibeba lawama nyingi zaidi na nzito zaidi. Niliyochanjwa ni ile ya Pfizer na BioNTech. Dozi moja ya mtu mzima ilikuwa mililita 0.3, yenye maikrogramu 30 za mRNA, lipidi nne, yaani mafuta, zinazoifunika (mojawapo ikiwa kolesteroli ya kawaida), chumvi na sukari. Orodha hiyo ilichapishwa tangu mwanzo, na haina chipu, haina chuma cha kushika sumaku, wala haina kiungo chochote cha kutuma mawimbi. Nawaheshimu waliokuwa na hofu hiyo, kwa sababu hofu ya kufuatiliwa ina misingi yake katika dunia ya sasa, lakini simu waliyotumia kusambaza onyo hilo ndiyo inayojua walipo kila dakika.

Swali la uharaka wa kuitengeneza lilinisumbua hata mimi. Chanjo iliyotengenezwa chini ya mwaka mmoja ingewezaje kuwa salama? Nilipofuatilia, niliona kwamba mwaka huo mmoja ulikuwa mwisho wa safari ndefu. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 namna ya kubadilisha viungo vya mRNA ili mwili usiipokee kwa uvimbe mkali, na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Virusi vya SARS na MERS, ndugu wa kirusi hiki vilivyojitokeza miaka mingi kabla ya janga hili, vilikuwa vimewafundisha watafiti kwamba protini ya mwiba, ile inayochomoza juu ya kirusi, ndiyo inayofaa kuonyeshwa kinga ya mwili. Ramani ya vinasaba vya kirusi kipya ilipowekwa hadharani Januari 2020, kilichobaki kilikuwa kuandika ujumbe mpya juu ya karatasi iliyokwisha tayarishwa. Kilichofupishwa zaidi ni kungoja: hatua za majaribio zilipishana, viwanda vilianza kuzalisha kwa fedha za serikali kabla matokeo hayajajulikana, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetapakaa, wagonjwa wa kutosha kwa ulinganisho walipatikana upesi. Idadi ya washiriki haikupunguzwa. Jaribio la Pfizer lilikuwa na watu takriban 43,000, nusu wakipewa chanjo na nusu maji ya chumvi. Waliougua kwa dalili walikuwa 8 upande wa chanjo na 162 upande wa maji ya chumvi, na hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 95 ya ufanisi.

Namba hiyo inahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu upotoshaji mwingi umezaliwa humo. Jaribio lilipima kuugua kwa dalili katika miezi michache ya mwanzo, dhidi ya kirusi cha wakati huo. Halikupima kama aliyechanjwa anaweza kuambukiza, na halikudai kupima. Mwaka 2022 jambo hilo lilipotajwa katika Bunge la Ulaya lilienezwa kana kwamba siri imefichuka, ilhali ripoti za Desemba 2020 zilikuwa zimelieleza bayana. Hata hivyo siwezi kuwasafisha wote waliozungumza kwa niaba ya chanjo. Katika mwaka 2021 tulisikia viongozi wakisema kwa uhakika kwamba aliyechanjwa hatapata wala kueneza ugonjwa. Omicron, aina mpya ya kirusi, ilipotokea Novemba mwaka huo na waliochanjwa wakaambukizwa kwa wingi, mimi nikiwa mmoja wao, watu waliona kwamba wamedanganywa. Kinga dhidi ya maambukizi hushuka ndani ya miezi, na kinga dhidi ya ugonjwa mkali na kifo hudumu muda mrefu zaidi. Kwa kipimo hicho cha pili bidhaa hii ilifanya kazi kubwa: makadirio ya kihesabu yaliyochapishwa mwaka 2022, yakihusu nchi 185, yalionyesha kwamba chanjo za UVIKO-19 za aina zote zilizuia vifo milioni 14.4 katika mwaka wake wa kwanza, na karibu milioni 20 ikiwa vifo ambavyo havikusajiliwa vitahesabiwa. Ni makadirio, hayakutokana na kuhesabu mtu mmoja mmoja, ila mwelekeo wake unalingana na yale yaliyoonekana hospitalini.

Kuna hesabu moja iliyowachanganya hata watu makini, kwamba hospitalini waliochanjwa ni wengi kuliko wasiochanjwa. Chukua watu 1,000 wa kufikirika, 900 kati yao wakiwa wamechanjwa. Tuseme asiyechanjwa ana hatari ya asilimia 10 ya kulazwa na aliyechanjwa ana asilimia 2. Watalazwa 10 kati ya wale 100, na 18 kati ya wale 900. Wodini waliochanjwa ni wengi, na bado hatari yao ni moja ya tano. Kadiri watu wengi zaidi wanavyochanjwa, ndivyo picha hii inavyozidi kudanganya macho. Jambo la namna hiyo lipo pia katika mfumo wa Marekani wa kupokea taarifa za madhara ya chanjo, unaoitwa VAERS. Mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa, na taarifa husema tu kwamba tukio limetokea baada ya chanjo. Umetengenezwa uwe kengele ya kuwaita wachunguzi, na ajabu yake ni kwamba watu wamezisambaza kengele hizo kama hukumu.

Kuhusu kubadilisha vinasaba, mRNA hufanya kazi nje ya kiini cha seli, mahali protini hutengenezwa, na haiingii kwenye kiini ambamo DNA imehifadhiwa. Baada ya kusomwa huvunjwavunjwa, kwa kawaida ndani ya siku chache. Seli zetu hutengeneza na kuvunja mRNA zao wenyewe kila saa ya maisha yetu. Udhaifu wake ndio ulioifanya chanjo hii ihifadhiwe mwanzoni katika baridi ya nyuzijoto 70 hivi chini ya sifuri, na kwa upande wa usambazaji hiyo ilikuwa kasoro kubwa, maana maeneo mengi hayakuwa na majokofu ya aina hiyo.

Madhara ya kweli yapo na yanastahili kutajwa kwa majina yake. Bega liliniuma siku mbili, na baada ya dozi ya pili nilipata homa na baridi ya kutetemeka usiku mzima. Kuvimba kwa misuli ya moyo ni dhara lililothibitishwa la chanjo za mRNA. Ni nadra, hutokea zaidi kwa vijana wa kiume, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili, na wengi hupona. Maambukizi yenyewe pia huleta tatizo hilo, lakini kijana anayeuliza anapaswa kujibiwa kwa kadiri ya umri wake na jinsia yake. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zilihusishwa na kuganda kwa damu pamoja na upungufu wa chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), jambo la nadra sana lakini lililoua baadhi ya watu, na mamlaka za dawa ziliitaja hadharani kuanzia Aprili 2021. Waliolitambua dhara hilo walikuwa madaktari na mifumo ileile ambayo wapotoshaji walidai inaficha kila kitu.

Huduma ya kuchanjwa nayo ni sehemu ya bidhaa. Kituo nilichochomewa dozi mbili za kwanza kilikuwa safi, foleni ilikwenda haraka, na tuliketi dakika 15 baada ya sindano ili mzio mkali, ambao ni nadra, ukitokea udhibitiwe papo hapo. Kasoro ilikuwa katika maelezo. Baada ya dozi ya kwanza hedhi yangu ilichelewa na ikaja nzito. Nilipomuuliza mhudumu siku ya dozi ya pili, alinijibu, "Dada, usisikilize maneno ya mtandaoni." Sikuwa nimeyasikia mtandaoni, nilikuwa nimeyaona mwilini mwangu. Nilirudi nyumbani na swali lisilojibiwa, na huko mtandaoni nilikoambiwa nisisikilize ndiko palipokuwa na watu waliokuwa tayari kunijibu. Walinijibu kwamba chanjo inaharibu kizazi.

Ukweli ulipatikana baadaye. Utafiti wa wanawake karibu 4,000 uliochapishwa Januari 2022 ulionyesha kwamba mzunguko hubadilika kwa wastani wa chini ya siku moja baada ya dozi, na hurejea katika hali yake. Oktoba 2022 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipendekeza hedhi nzito iingizwe katika orodha ya madhara ya chanjo za mRNA. Kuhusu ugumba, wanawake walishika mimba katika makundi yote mawili ya majaribio, na tafiti za wanandoa wanaotafuta mtoto, hata wale walio kwenye matibabu ya uzazi, hazikuona tofauti. Jibu hilo lingetosha kunituliza. Nililikosa kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu wanawake hawakuulizwa kuhusu hedhi katika majaribio ya awali.

Dozi ya nyongeza nilichomwa mwanzoni mwa 2023 katika kituo kingine, nikiwa na mama. Mhudumu alitupa karatasi ya maelezo kabla hajaandaa sindano, akatuomba tuisome, kisha akaketi na kusubiri maswali. Nilipomweleza kuhusu hedhi alisema, "Ndiyo dada, imeripotiwa, na sasa imeandikwa hapo," akanionyesha mstari wenyewe kwa kidole. Mama aliuliza kuhusu mapafu yake na dawa anazotumia, akajibiwa moja baada ya jingine, na kwa swali moja ambalo mhudumu hakuwa na uhakika nalo alimpigia daktari simu mbele yetu. Tulikaa pale karibu nusu saa. Karatasi ile ina upungufu mmoja, kwamba herufi zake ni ndogo mno kwa macho ya mtu wa umri wa mama, hivyo nilimsomea yote kwa sauti, pamoja na sehemu ya madhara, kabla hajakunja mkono wa gauni lake.